Kutoka Dawa hadi Usimamizi wa Dawa: Historia ya Matumizi Salama ya Lithiamu, 1948–1993

1.0 Utangulizi

Historia ya dawa za magonjwa ya akili mara nyingi huandikwa kama historia ya ugunduzi: jina la daktari, mwaka na jina la dawa. Mtindo huo huacha bila jibu swali la msingi zaidi, yaani ni lini dawa iliyogunduliwa ilianza kutumiwa bila kumdhuru mgonjwa. Insha hii inachunguza swali hilo kwa kuirejelea lithiamu, chumvi inayotumika kutibu ugonjwa wa akili unaomtoa mgonjwa katika msisimko uliopindukia, yaani mania, na kumtumbukiza katika sonona. Hoja kuu ni kwamba lithiamu iliyoua watu mwaka 1949 ndiyo hiyohiyo iliyokubaliwa kuwa dawa miaka 21 baadaye. Kilichobadilika ni mpangilio wa watu na vipimo uliojengwa kuizunguka.

2.0 Mgonjwa wa Kwanza na Hatari Mbili

Mnamo Septemba 1949, John Cade, daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Bundoora, jijini Melbourne, Australia, alichapisha matokeo ya kuwatibu kwa lithiamu wagonjwa 10 wenye mania. Wa kwanza wao alikuwa mwanamume wa makamo aliyekuwa katika hali ya msisimko kwa miaka mitano mfululizo. Alianza kupewa dawa Machi 1948, na ilipofika Julai alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, akarejea katika kazi yake ya zamani.

Masimulizi mengi ya ugunduzi huu huishia hapo, ilhali kumbukumbu za matibabu zinaendelea. Akiwa nyumbani, mgonjwa huyo alilegea katika kumeza dawa, kisha akaiacha kabisa. Januari 1949 alirudishwa hospitalini akiwa katika hali yake ya awali. Alianzishiwa dawa upya, akapata nafuu, lakini baadaye dalili za sumu zilimwandama, na mwaka 1950 alifariki kutokana na sumu ya lithiamu. Hivyo basi, maisha ya mtu mmoja yalidhihirisha hatari zote mbili za dawa hii: kuiacha ghafla bila mwongozo, na kuimeza bila kujua kiasi kilichomo mwilini.

Isingekuwa haki kumhukumu Cade kwa uzembe. Kabla ya kuwapa wagonjwa, aliijaribu dawa hiyo kwa kuimeza mwenyewe, na makala yake iliwaonya madaktari juu ya dalili za sumu. Tatizo ni kwamba alitegemea macho pekee. Pengo kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni jembamba mno, na dalili zikishaonekana wazi, huenda mgonjwa amekwisha kuvuka mpaka.

Mwaka huohuo, nchini Marekani, kloridi ya lithiamu ilikuwa ikiuzwa madukani kama mbadala wa chumvi ya chakula kwa wagonjwa wa moyo waliokatazwa chumvi ya kawaida. Watu kadhaa walidhurika na baadhi wakafa, na serikali ikaamuru bidhaa hiyo iondolewe sokoni. Sababu ya kifiziolojia ilikuja kueleweka vyema baadaye: mwili unapokosa sodiamu, figo huizuia lithiamu isitoke, nayo hulimbikizana katika damu. Kwa maneno mengine, waliouziwa bidhaa hiyo ndio hasa waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kudhurika.

3.0 Kipimo cha Damu

Mtafiti anayestahili nafasi kubwa zaidi katika historia hii ni Edward Trautner wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Mwaka 1951, yeye na daktari Charles Noack walichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 100 waliotibiwa kwa lithiamu. Trautner alitumia kifaa kinachotambua kiasi cha madini kwa kupima mwanga wa mwali wa moto, na hivyo akaweza kufuatilia kiasi cha lithiamu katika damu ya mgonjwa. Tangu hapo, swali la daktari halikuishia kwenye idadi ya vidonge alivyotoa, kwa kuwa wagonjwa wawili wanaomeza dozi sawa wanaweza kuwa na viwango tofauti kabisa mwilini.

Nchini Denmark, Mogens Schou na wenzake waliendeleza njia hiyo. Mwaka 1954 walichapisha utafiti ambamo baadhi ya wagonjwa wa mania walipewa lithiamu na vidonge visivyo na dawa kwa zamu, huku damu yao ikipimwa. Utaratibu unaofuatwa leo ni mwendelezo wa kazi hiyo: damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kiwango kinacholengwa kwa kawaida ni kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita. Na figo pamoja na tezi ya thairoidi hukaguliwa kila baada ya muda.

4.0 Suala la Kuacha Dawa

Hatari ya pili ilichelewa kuchunguzwa. Mwaka 1970, Poul Christian Baastrup, Schou na wenzao walichapisha jaribio lililohusu wagonjwa 84 waliokuwa wakitumia lithiamu kwa muda mrefu. Baadhi waliendelea nayo, na wengine wakabadilishiwa vidonge visivyo na dawa bila wao kujua. Katika muda wa miezi mitano, wagonjwa 21 kati ya 39 waliobadilishiwa walikuwa wameugua tena. Miongoni mwa walioendelea na lithiamu, hakuna aliyeugua. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha lithiamu kuwa dawa ya mania.

Matokeo hayo yalithibitisha nguvu ya dawa, lakini hayakueleza namna ya kuiacha pale inapolazimu. Mwaka 1993, Gianni Faedda na wenzake walionesha kwamba walioacha lithiamu ghafla waliugua tena kwa haraka na kwa wingi kuliko walioipunguza polepole. Kuacha dawa kukawa nako ni sehemu ya tiba inayohitaji ratiba na msimamizi.

5.0 Hitimisho

Shirika la Afya Duniani liliijumuisha lithiamu katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977. Historia iliyoelezwa hapa inaonesha kuwa kidonge kikifika mahali pasipo na maabara, ni nusu tu ya tiba iliyofika. Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi za joto, zikiwemo za Afrika Mashariki, kwa kuwa jasho jingi, kuharisha na kutapika hupunguza maji na sodiamu mwilini, na baadhi ya dawa za maumivu zinazonunuliwa bila cheti, kama vile ibuprofeni, hupandisha kiwango cha lithiamu. Mgonjwa asiyeelezwa mambo hayo hawezi kulaumiwa kwa kutoyajua.

Mgonjwa wa kwanza wa Cade alipewa dawa iliyofaa kwa ugonjwa wake. Alichokosa ni mtu wa kumfuatilia alipokuwa nyumbani na kifaa cha kuipima damu yake. Mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, taarifa ya Noack na Trautner, iliyotokana na kazi katika jiji lilelile la Melbourne, ilichapishwa.