Hizo Maili za Ndege Si Zako

Desemba ikikaribia, Kisii mjini hubadilika. Magari ya kukodi yanaingia kutoka Kisumu na Nairobi yakiwa na masanduku ambayo bado yana stika za uwanja wa ndege, na kuanzia Keroka hadi Ogembo kila kijiji kina mtu "amefika kutoka nje". Wengi wanatoka Minnesota, wengine Massachusetts na Texas, na siku hizi Qatar na Saudia. Kwenye stori za jioni hukosi kusikia mmoja akisema, "Mimi tiketi hata sikulipa, nilikuja na maili." Sote tunanyamaza. Huyo ameomoka.

Mimi nina maoni tofauti kuhusu hizo maili, na ili niyatetee inabidi turudi nyuma, maana hii kitu ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani.

Kwa wale hawajawahi kupanda ndege (na hakuna aibu, mimi mwenyewe nimepanda mara chache sana), mpango uko hivi. Unajiandikisha bure na kampuni ya ndege, unapewa namba. Kila ukisafiri unataja hiyo namba na akaunti yako inaongezewa maili au pointi. Zikifika kiwango fulani unazibadilisha na tiketi. Kama umewahi kununua kredo ya Safaricom, mchezo tayari unaujua. Bonga Points zilianza 2007, pointi 1 kwa kila shilingi 10 ulizotumia. Tofauti ni ukubwa wa zawadi tu: Bonga zilikupa dakika za kuongea, maili zinaweza kukutoa Minneapolis hadi Nairobi.

Wazo lenyewe lilitoka dukani. Mwaka 1896 kampuni moja ya Marekani, Sperry and Hutchinson, ilianza kuuzia wenye maduka stempu za kijani. Ukinunua unga au sukari, unapewa stempu chache, unaenda kuzibandika kwenye kitabu. Kitabu kikijaa, unakibadilisha na sufuria, taa, blanketi. Mwenye duka alijua kwamba mama akishafika nusu ya kitabu hataenda kwa jirani, hata kama bei ya jirani ni nafuu. Na kitabu ambacho hakijajaa hakimgharimu mtu chochote, isipokuwa yule aliyekibandika. Shika hilo, tutalihitaji.

Ndege zilichelewa kuingia kwenye huu mchezo kwa sababu hazikuuhitaji. Hadi miaka ya 1970, nauli na njia za ndege ndani ya Marekani zilipangwa na ofisi ya serikali Washington. Kampuni zote zilitoza karibu sawa, basi zikashindana kwa chakula na tabasamu. Halafu Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter akatia sahihi sheria iliyoondoa hayo yote. Kila kampuni ikawa huru kuweka bei yake. Zikazuka ndege za bei ya chini, na zile kampuni kubwa zikaanza kuona abiria wao wakikimbia. Hiyo sheria ya 1978 nayo usiisahau, itarudi tena, na haitarudi kwa uzuri.

American Airlines, chini ya Robert Crandall, ilikuwa na kitu wengine hawakuwa nacho kwa kiwango hicho: Sabre, mfumo wa kompyuta wa kuweka nafasi. Walipekua rekodi wakatafuta namba za simu zinazojirudia. Mtu ambaye namba yake inatokea mara nyingi ni mtu wa safari nyingi, tena pengine ni kampuni yake inamlipia, kwa hiyo bei haimsumbui. Watu kama hao ndio walioandikishwa kwanza kwenye AAdvantage, iliyozinduliwa tarehe 1 Mei 1981. United ikajibu ndani ya siku chache na mpango wake. Wengine wakafuata, na kufikia mwisho wa miaka ya 80 ilikuwa ngumu kupata kampuni kubwa ya Marekani isiyo na maili.

Mbona wagawe viti bure? Fikiria stendi ya Kisii. Matatu ya Nairobi inaweza kungoja ijae, na makanga ana uhuru wa kukuchosha hata saa mbili. Ndege haina hiyo nafasi. Ikifika saa yake inaruka, na kiti kilichobaki wazi kinapotea milele. Kumpa mteja mwaminifu kiti ambacho kingeenda tupu kunagharimu kampuni kidogo sana, labda chakula na mafuta kiasi. Ndio maana viti vya maili huwa vichache, na ndio maana Desemba, wakati wewe unakitaka, huwa havipo ama vimepanda bei vibaya. Desemba hakuna kiti kinachoenda tupu.

Sasa hapa ndipo stori inageuka. Mwaka 1987 Citibank na American walitoa kadi ya benki inayokupa maili ukinunua kitu chochote, hata petroli. Maili hizo benki inazinunua kwa pesa taslimu kutoka kwa kampuni ya ndege. Soma hiyo sentensi tena. Kampuni ya ndege ilipata njia ya kuuza kitu inachokiandika yenyewe kwenye kompyuta, kwa bei inayokubaliana na benki, na baadaye kuamua yenyewe kitu hicho kitanunua nini. Mwaka 2023 Delta ilipata takriban dola bilioni 7 kutoka American Express kwa mpango wa aina hii. Korona ilipofunga anga mwaka 2020, United ilitumia mpango wake wa maili kama dhamana ya mkopo wa dola bilioni 5. Hesabu walizowasilisha zilisema mpango huo una thamani ya karibu dola bilioni 22, wakati hisa zote za United sokoni zilikuwa na thamani ndogo kuliko hiyo. Yaani maili zilihesabiwa kuwa na thamani kuliko kampuni nzima, ndege zikiwemo. Ukiniuliza, hapo ndipo ungejua hii biashara ni ya nani.

Na sisi huku? East African Airways ilivunjika 1977 pamoja na Jumuiya, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huohuo. Mwaka 1996 KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26. Kwa hivyo abiria wa KQ wakaingia kwenye ulimwengu wa maili kupitia mlango wa Waholanzi. KLM na Air France zilipounganisha mipango yao 2005 na kuiita Flying Blue, KQ ilikuwa ndani kwa miaka mingi. Mwaka 2010 KQ ikawa mwanachama kamili wa SkyTeam, kundi ambalo lina Delta pia. Maana yake kwa mtu wa Nyamira anayeishi Minnesota ni kubwa: maili za KQ zingeweza kuingia kwenye akaunti yake ya Delta, na kinyume chake. Ethiopian iliingia kundi la Star Alliance mwaka 2011, Qatar ikaingia oneworld 2013. Emirates ilibaki peke yake.

Halafu sheria zikabadilika mchezo ukiendelea. Zamani ulipata maili kwa umbali, kama jina linavyosema. Nairobi hadi New York ni zaidi ya maili 7,000, na KQ ilipoanza kwenda huko moja kwa moja Oktoba 2018 ungedhani watu wetu wamefika mbinguni. Lakini kuanzia 2015 Delta na United zilikuwa zishaacha kuhesabu umbali. Zinahesabu pesa ulizolipa. Flying Blue ikafanya vivyo hivyo kwa ndege za KLM na Air France mwezi Aprili 2018. Mtu anayesaka tiketi ya bei rahisi miezi sita mapema ili aje kuona wazazi, akakaa saa 20 njiani na mguu umevimba, anapata pointi kidogo. Bosi anayelipiwa kiti cha mbele na kampuni anapata nyingi kwa safari ileile. Neno "maili" walilibakisha, sijui kwa nini, labda linasikika vizuri.

Siku hizi KQ ina mpango wake wenyewe, Asante Rewards. Jina tamu, lakini swali la kuuliza ni lilelile.

Swali hilo lilishajibiwa mahakamani, tena kesi ilihusu kampuni ya Minnesota, kulekule kwa kina anti zetu. Binyomin Ginsberg, rabi, alikuwa msafiri wa daraja la juu kwenye mpango wa Northwest Airlines ulioitwa WorldPerks. Northwest ilikuwa na makao Minnesota na ilikuwa mshirika wa KLM, baadaye ikamezwa na Delta. Mwaka 2008 walimtoa kwenye mpango. Kosa? Kwamba analalamika sana. Walihesabu malalamiko 24 katika muda wa miezi saba hivi, yakiwemo tisa ya mizigo kuchelewa. Alishtaki akisema hawakumtendea kwa nia njema. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Aprili 2014 majaji wote tisa, bila hata mmoja kupinga, wakaamua dhidi yake. Sababu? Ile sheria ya 1978, ya kuachia kampuni uhuru wa bei. Walisema dai lake linagusa bei na huduma za ndege, kwa hiyo sheria hiyo inalizuia. Na mkataba aliokubali alipojiunga uliipa kampuni uamuzi wa mwisho. Hiyo sehemu ndefu ya masharti ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma ndiyo iliyommaliza.

Watu wa Nyamira wanaweza kuelewa hili kupitia chai. Kila mwaka bonasi ikitangazwa kuna kelele, kwa sababu mkulima wa huku anaona kiwango chake kiko chini ya cha Murang'a au Kirinyaga. Kelele hizo ziko sawa kabisa. Lakini angalia: majani yako yalipimwa kwa mizani, una karatasi ya kilo, una hisa kwenye kiwanda, unaweza kupiga kura ya kumtoa mkurugenzi. Una mahali pa kushika unapopigania haki yako. Maili hazina mizani. Masharti ya American kwa mfano yanasema wazi kwamba maili zilizo kwenye akaunti yako si mali yako. Unapigania nini basi?

Nina anti, muuguzi, ameishi huko zaidi ya miaka kumi. Kila safari alichukua ndege ya bei nafuu zaidi, na hilo nalo si ujinga. Matokeo yake ni akaunti tatu, kila moja na pointi za nusu safari. Magokoro alipofariki mwezi wa pili, anti alikaa na simu usiku kucha akijaribu kuzitumia. Kampuni moja ilikuwa imefuta zake kwa sababu muda ulipita. Ya pili ilikuwa na viti vya wiki mbili baadaye. Ya tatu alipata kiti, lakini ada na ushuru wa juu ulikaribia nauli ya kawaida. Mwishowe kikundi chao cha wanawake huko kikachanga, kila mtu alichonacho, na asubuhi tiketi ilikuwa imelipwa. Alifika siku moja kabla ya mazishi.

Kwa hiyo nikimsikia jamaa akijisifu kuhusu maili laki tatu alizotunza "za siku mbaya", naumia kidogo. Pesa ya SACCO inaweza kukuletea riba. Maili zikikaa zinapungua tu, kwa sababu anayepanga bei ya kiti kwa maili ni yuleyule anayezichapa, na hajawahi kuwa na sababu ya kuishusha. Hata Safaricom mwaka 2022 ilitangaza kwamba Bonga za zaidi ya miaka mitatu zitafutwa. Wakenya wakapiga kelele na mpango ukasitishwa. Kampuni ya ng'ambo haitakusikia ukipiga kelele kutoka Nyansiongo.

Sisemi usijiunge. Ni bure. Sema tu uchague kundi moja na ulishikilie, kama familia yako husafiri sana na KQ na Delta, basi akaunti moja ya upande huo. Angalia muda: Emirates huzipa miaka mitatu, Flying Blue hutaka usafiri angalau kila baada ya miaka miwili, Delta hazifi. Ukipata za kutosha kiti, kata kiti, usingoje ziwe nyingi. Na mama akienda kumtembelea ndugu yako mara ya kwanza, muandikishe kabla hajaondoka. Asipotaja namba siku ya safari, kampuni nyingi huruhusu kudai baadaye ndani ya miezi kadhaa, lakini watataka namba ya tiketi na kile kipande cha karatasi cha kupandia ndege, ambacho akina mama wetu wengi hukitupa pale Kisumu wakishatoka tu mlangoni.