Udhibiti wa Bahati Nasibu na Tamaa ya Hazina

Katika mijadala mintarafu ya bahati nasibu, aghalabu wasemaji hugawanyika makundi mawili: wale waihesabuo kuwa ni kamari tu, ambayo sharia ya Kiislamu imeiharimisha na makanisa mengi yameilaani, na wale waionao kuwa ni kodi ya hiari, ambayo mtu huilipa kwa ridhaa yake akitumaini kutajirika. Makala haya hayakusudii kuhukumu baina yao. Dai lake ni kwamba, pale ambapo mchezo huu umekwisha kuhalalishwa, uadilifu wake hautegemei ukali wa sheria wala wingi wa mashahidi, bali hutegemea kama aliyekabidhiwa ulinzi hana faida aipatayo kwa wingi wa tiketi ziuzwazo.

Jimbo la Louisiana, Marekani, lilitoa funzo la mapema. Mwaka 1868 kampuni ya watu binafsi ilipewa hati ya kuendesha bahati nasibu kwa miaka 25, kwa sharti la kulipa dola 40,000 kila mwaka kwa ajili ya hospitali ya maskini mjini New Orleans. Na ili kuwaondolea shaka wanunuzi, ambao wengi wao walikaa majimbo ya mbali na kuletewa tiketi kwa posta, iliwaajiri Beauregard na Early, majemadari mashuhuri wa jeshi la Kusini lililoshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wasimamie droo hadharani huku watoto waliofungwa macho wakitoa karatasi katika magurudumu. Heshima ya majemadari hao ilikuwa ya kweli, walakini ujira wao ulitoka katika mfuko ule ule walioulinda, ilhali hati yenyewe, kwa kauli ya wanahistoria wengi, ilipatikana kwa rushwa. Haikuwa serikali ya jimbo iliyoivunja nguvu biashara hiyo, bali Bunge la Marekani, lisilokuwa na fungu humo, ndilo lililopiga marufuku mwaka 1890 tiketi kupitishwa katika posta.

Yamkini msomaji atasema kwamba dawa ni serikali kuendesha mchezo yenyewe, kama lilivyofanya jimbo la New Hampshire tangu mwaka 1964. Hata hivyo, huko Pennsylvania, katika droo ya serikali ya tarehe 24 Aprili 1980, mipira yote isipokuwa yenye tarakimu 4 na 6 ilikuwa imedungwa rangi nyeupe kwa sindano, ili iliyo mizito ibaki chini na iliyo miepesi ipande. Zikatoka 6, 6 na 6. Wezi walikamatwa, akiwamo mtangazaji wa droo, kwa kuwa dola haisiti kumwadhibu amwibiaye.

Lililo gumu zaidi ni lile lisilo wizi. Nchini Uingereza mwendeshaji ni kampuni yenye leseni, na sheria ya mwaka 1993 inamtaka mdhibiti alinde uadilifu na maslahi ya wachezaji, kisha, yakiisha kutimia hayo, ahakikishe kwamba fedha za shughuli za heri ni nyingi kadiri iwezekanavyo. Fauka ya hayo, Hazina hutoza ushuru wa asilimia 12 ya mauzo. Basi mwezi Oktoba 2015 namba za kuchagua zilipoongezwa kutoka 49 hadi 59, nafasi ya kupata zawadi kuu ilishuka kutoka moja katika 13,983,816 hadi moja katika 45,057,474, na yote hayo yalipita kwa halali, bila mtu kushtakiwa.

Hispania inaweza kutajwa kuwa hoja ya kinyume, maana huko dola ndiyo muuzaji, na bado katika droo ya Krismasi namba ni 100,000 tu, asilimia 70 ya thamani ya tiketi hurudi kwa wanunuzi, na wanafunzi wa shule ya San Ildefonso huziimba namba hadharani. Lakini kinachoizuia tamaa huko ni ada iliyokita tangu droo za Cádiz za mwaka 1812, na ada haiagizwi kutoka ng'ambo kama mashine za droo.

Nchi isiyo na ada hiyo haina budi kuitafuta kinga katika muundo wa vyombo vyake. Tanzania Bara, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 iko chini ya Wizara ya Fedha, yaani wizara ile ile ingojayo mapato. Pasipo kuwatuhumu watumishi wake, ni bora udhibiti ukabidhiwe chombo kiwajibikacho kwa Bunge, kisichoendeshwa kwa ada za leseni, chenye mamlaka ya kukataa mabadiliko yapunguzayo nafasi ya mchezaji na kuamuru nafasi hiyo ichapwe juu ya kila tiketi.