Mpaka Mfalme Apende

Kiingereza cha mahakamani kina misemo ya heshima ambayo ukiifasiri neno kwa neno utacheka. Chukua “at His Majesty's pleasure”. Kamusi itakwambia “pleasure” ni furaha, raha. Sasa mfungwa anakaa ndani kwa raha ya Mfalme? Hapana. Hapa neno limebaki na maana yake ya kale: matakwa. Yaani utakaa ndani mpaka Mfalme apende utoke, na hakuna aliyemwekea tarehe ya kupenda.

Mei 15, 1800, katika ukumbi wa Drury Lane jijini London, James Hadfield alimfyatulia risasi Mfalme George wa Tatu, akamkosa. Hadfield alikuwa askari aliyejeruhiwa vibaya kichwani vitani, na mahakama ikaona hakuwa na akili timamu. Lakini aachiwe aende zake? Bunge likapitisha sheria haraka mwaka huohuo: mtu kama huyo azuiliwe hadi yajulikane matakwa ya Mfalme. Hadfield alifia kizuizini mwaka 1841.

Mwaka 1908 msemo ukawafikia watoto. Uingereza ilikataza kumhukumu kifo aliye chini ya miaka 16. Badala yake azuiliwe kwa matakwa ya Mfalme. Ilikuwa huruma, tena kubwa. Ila mtoto aliyeponea kitanzi hakuambiwa atarudi lini nyumbani.

Sheria ya Kiingereza ilipokuja Kenya na ukoloni, msemo nao ukaja. Uhuru ukapatikana, nchi ikawa jamhuri mwaka 1964, na katika Kanuni ya Adhabu aliyebadilika ni mwenye kupenda tu: sasa ni Rais. Kijana aliyeua kabla ya kutimiza miaka 18 alifungwa “kwa matakwa ya Rais”, bila kuhesabiwa miaka. Kisha Katiba ya 2010 ikasema mtoto akizuiliwa, iwe kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungo hicho kisicho na kikomo kinavunja Katiba.

Wapo wanaoufasiri msemo huu kwa “ridhaa” au “radhi”. Ni maneno mazuri, lakini yananukia baraka za wazazi. Mimi ningeandika “mpaka atakapopenda”. Mama wa mfungwa akisomewa hivyo, ataelewa palepale, na atauliza: asipopenda je?