Chungu cha Umeme, si Jiko la Polepole

Orodha ya istilahi za jikoni iliyonifikia hapa Lugarawa imekibandika jina la "jiko la polepole" chombo cha umeme kinachoivisha chakula kwa saa sita hadi nane. Waliolipitisha hawasemi kilicho polepole hapo ni nini. Jiko ni mahali pa moto: mafiga, seredani, jiko la gesi. Chombo hiki hakibandikwi kitu juu yake, chakula kinawekwa ndani yake chenyewe. Tena bakuli lake la ndani, kwa kawaida, ni la udongo uliochomwa. Hicho ni chungu. Kuna na mwenzetu mmoja anayeshikilia "kipikaji taratibu", jina ambalo hakuna mpishi atakayelitamka mara mbili.

Chungu ni neno la kale la Kibantu. Shina lake ni -ungu: kwa ki- tunapata chungu, wingi vyungu, kwa ngeli ya N tunapata nyungu, ile ya kujifukizia. Sufuria limetoka Kiarabu, na asili yake ni chombo cha shaba, kwa hiyo "sufuria la umeme" nalo halifai. Huku wilayani Ludewa hoja hii haihitaji hata kamusi. Wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa wamefinyanga vyungu vizazi kwa vizazi na kuvibadilisha kwa vyakula vya watu wa milimani. Maharage yaliyoachwa juu ya makaa usiku kucha ndani ya chungu yanaiva kwa moto mdogo, kama yanavyoiva ndani ya chombo hiki.

Wamarekani wenyewe wako upande wangu. Irving Naxon wa Chicago alipata hataza ya chombo chake mwaka 1940. Kampuni ya Rival ilipoanza kukiuza mwaka 1971 ilikiita Crock-Pot, na "crock" ni chungu cha udongo. Kamati zetu za istilahi zimelikimbia neno ambalo Rival walilichagua.

Wapo wanaodai "chungu" litachanganywa na ladha ya shubiri au na mdudu wa jina hilo. Hoja hiyo nimeijibu kwa maandishi, na jibu langu halijapata jibu. Wingi wake unamaliza ubishi: vyungu vya umeme si wadudu.

Kuhusu matumizi: kwa maharage mekundu ya nyama, loweka usiku, mwaga maji, kisha yachemshe kwa nguvu nusu saa jikoni, maana maharage mekundu mabichi yana sumu isiyoondolewa na joto dogo la chungu. Yatie ndani ya chungu, ongeza nyama ya kusaga iliyokaangwa, nyanya, vitunguu, pilipili na bizari nyembamba, funika, acha yaive polepole, kisha ule kwa chapati. Kande nayo inafaa.

Nawaomba wauzaji wa Njombe na Makambako, pamoja na waandishi wa vitabu vya mapishi, waandike "chungu cha umeme" kuanzia sasa, bila kungoja kikao kingine.