Dawa Ilipogeuka Chakula

Kwetu Pemba, kuku akizubaa na kuanza kuharisha, ushauri wa jirani ni mmoja: mtilie tetrasaiklini kwenye maji. Nimeusikia tangu utotoni, na sikumbuki mtu kuuliza ulitoka wapi. Nimeamua kuufuata nyuma.

Mara nyingi anayelaumiwa ni Salmonela. Jina hilo ni la Daniel Elmer Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani. Mwaka 1885 msaidizi wake, Theobald Smith, alimwona bakteria huyo kwa nguruwe, lakini heshima ya jina ikamwendea mkubwa wa kazi. Mwaka 1889, Uingereza, Edward Klein akamweleza ndugu yake anayeua kuku kwa taifodi yao.

Kufikia 1950, watafiti wa kampuni ya Lederle huko Marekani walikuwa wamegundua kwamba vifaranga wanaolishwa mabaki ya kutengenezea aureomaisini, tetrasaiklini ya mwanzo, hukua haraka. Dawa ikaingia kwenye chakula, na kuku wazima wakaimeza kila siku.

Mwaka 1959 watafiti wa Japani walionyesha kwamba bakteria hupeana usugu, hata wakiwa wa jamii tofauti. Kipande cha vinasaba huhama kama sufuria la shughuli linaloazimwa nyumba hadi nyumba, ila mwenye kuazima hubaki na lake. Uingereza ilionywa na kamati yake mwaka 1969: dawa za kutibu watu zisiwe za kunenepeshea mifugo. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku hiyo mwaka 2006.

Na Pemba? Maabara ya Ivo de Carneri ilifunguliwa Wawi, karibu na Chake Chake, mwaka 2000. Kati ya Machi 2009 na Desemba 2010, damu za wagonjwa 2,209 wa hospitali za kisiwani zilipimwa. Bakteria wa maradhi walioota walikuwa 79, na 46 kati yao ni Salmonela wa taifodi ya binadamu. Huyo hatoki kwa kuku, huishi kwa watu tu. Lakini binamu zake wamo bandani, na sufuria la usugu halibagui jamaa.

Ndiyo maana kusoma vinasaba kuna thamani. Mwaka 2015 watafiti walilinganisha sampuli 1,832 za taifodi kutoka nchi 63, wakauona ukoo mmoja sugu ukitoka Asia Kusini hadi Afrika Mashariki. Bahari ya Hindi haikuanza jana kutuletea wageni. Bakteria wa kuku wetu nao wakisomwa hivyo, tutajua ni akina nani, wamebeba usugu gani, na dawa ipi ingali inafanya kazi.

Bila kipimo tunabahatisha. Kideri, kinachomaliza mabanda mazima, ni kirusi, na tetrasaiklini haikigusi hata kidogo. Kuku hufa vilevile, huku bakteria waliobaki bandani wakijifunza kuizoea dawa ambayo kesho mtoto mwenye homa ataihitaji.