Tanzania: Masikio, pua na koo, na gharama ya kuchelewa

Tangu mwaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto ambao shimesikio za kawaida haziwezi kuwasaidia. Kabla ya hapo, mzazi wa Kitanzania aliyetaka huduma hiyo kwa mwanawe alilazimika kuifuata nje ya nchi, mara nyingi nchini India. Hata hivyo, upasuaji huo ni hatua ya mwisho ya safari ndefu. Maradhi mengi ya masikio, pua na koo huanza kwa dalili ndogo, na yangeweza kutibiwa karibu na nyumbani iwapo mgonjwa angefikishwa kwa tabibu mapema.

Katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, wakiwemo watoto milioni 34. Kwa mujibu wa shirika hilo, takriban asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Miongoni mwazo ni maambukizi ya sikio, surua, rubela, homa ya uti wa mgongo na matatizo ya wakati wa kuzaliwa.

Ngazi za huduma

Nchini Tanzania mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa na hospitali ya kanda. KCMC ya Moshi huhudumia Kanda ya Kaskazini, Bugando ya Mwanza Kanda ya Ziwa, na Hospitali ya Kanda ya Mbeya Nyanda za Juu Kusini. Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo ni wachache, na wengi wao wako mijini. Kwa sababu hiyo, tabibu wa zahanati ndiye mlinzi wa kwanza wa usikivu wa mtoto wa kijijini.

Sikio linalotoa usaha

Kwa mtoto mdogo, mrija unaounganisha sikio la kati na sehemu ya nyuma ya pua ni mfupi na umelala. Mafua yanapouziba, majimaji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio na kuambukizwa. Mtoto hupata homa, hulia na kujishika sikio. Ngoma ikitoboka, maumivu hupungua na usaha huanza kutoka. Nafuu hiyo huwahadaa wazazi wengi wakadhani kuwa ugonjwa umekwisha.

Usaha unaotoka kwa wiki mbili au zaidi ni dalili ya ugonjwa sugu. Matibabu yake ni kulikausha sikio mara kadhaa kwa siku kwa kitambaa safi kilichosokotwa, na kulitia dawa ya matone iliyoandikwa na tabibu. Mafuta ya kupikia, maji ya majani na maziwa ya mama hayatibu, bali huweza kuongeza maambukizi. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni dharura, kwa kuwa maambukizi yanaweza kufika kwenye ubongo.

Pua

Mtoto anayekoroma kila usiku na kupumua kwa mdomo huenda ana nyama za puani zilizokua kupita kiasi. Nyama hizo huweza pia kuuziba mrija wa sikio na kupunguza usikivu, hata mwalimu akamwona mwanafunzi huyo kuwa mzembe kumbe hasikii vizuri.

Uchafu wenye harufu mbaya unaotoka tundu moja la pua mara nyingi huashiria kitu kilichokwama humo, kama vile punje ya mahindi au shanga. Betri ndogo ya duara ni hatari zaidi, kwani huunguza nyama ya pua kwa muda wa saa chache tu. Kuchokoa kwa kijiti nyumbani husukuma kitu hicho ndani zaidi.

Anayetokwa na damu puani aketi, ainamishe kichwa mbele na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Kuinua kichwa juu humfanya ameze damu.

Koo na kisu cha kimeo

Katika baadhi ya jamii za Tanzania, kikohozi kisichokoma au kutapika kwa mtoto hulaumiwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, naye hupelekwa kwa mkataji wa jadi. Kisu kisichotakaswa huleta maambukizi, ikiwemo pepopunda, na mtoto huweza kuvuja damu hadi kufa. Isitoshe, chanzo cha kweli cha kikohozi, ambacho huenda ni nimonia au kifua kikuu, hubaki bila kutibiwa.

Maumivu ya koo yanayotokana na bakteria nayo hayapaswi kupuuzwa. Yasipotibiwa ipasavyo, baadhi ya watoto hupata baadaye ugonjwa unaoharibu vali za moyo. Dawa ikitolewa, imalizwe hata kama maumivu yameisha.

Watu wazima

Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, shida ya kumeza, uvimbe shingoni au pua iliyoziba upande mmoja na kutoa damu ni dalili zinazohitaji uchunguzi wa saratani, hasa kwa wavutaji wa tumbaku na wanywaji wa pombe. Kupoteza usikivu ghafla kunahitaji daktari siku hiyo hiyo. Kelele za mashine na muziki wa sauti kubwa masikioni huharibu usikivu polepole, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Mtoto asiyeitika

Mtoto mchanga hushtushwa na kishindo. Akifikia miezi sita hugeukia sauti. Karibu na mwaka mmoja huanza kutamka neno. Asipofanya hivyo, apimwe bila kusubiri.

Kifaa kinachopandikizwa Muhimbili hunasa sauti kwa nje na kuigeuza kuwa mawimbi ya umeme yanayosisimua neva ya usikivu ndani ya sikio. Baada ya upasuaji mtoto hufundishwa kwa muda mrefu kutambua sauti na kutamka. Ubongo hujifunza lugha kwa wepesi zaidi katika miaka ya mwanzo, hivyo aliyecheleweshwa hupata manufaa madogo. Wasiofikiwa na kifaa hicho wana haki ya kufundishwa lugha ya alama mapema, ili wasikose lugha yoyote. Katika hali zote mbili, kipimo cha kwanza hufanyika nyumbani: mama anamwita mwanawe akiwa nyuma yake, na kutazama kama atageuka.