Baridi ilikotoka: friji, betri na inveta, kutoka Mwadui hadi machimbo ya Geita

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi na wafanyabiashara wa minadani na machimboni si la mbegu wala mbolea. Ni hili: "Afisa, nina friji ya nyumbani, betri mbili na inveta. Nikivifunga kwenye gari niwe nauza maji na soda za baridi, vitakaa?" Jibu fupi ni kwamba vitakaa, ila si kwa namna unavyofikiri. Jibu refu lina historia ndani yake, tena historia ya hapa hapa kwetu. Kwa hiyo vumilia kidogo kabla hujauza ng'ombe.

Wazee wetu wa Usukumani hawakuwa na baridi, walikuwa na jua. Viazi viligeuzwa michembe na matobolwa, dagaa na furu wakaanikwa, maziwa yakagandishwa kwenye kibuyu na siagi yake ikawa samli. Hakuna aliyehangaika kupooza kitu. Walitoa maji ndani ya chakula au walikichachusha, na chakula kikavuka kiangazi.

Friji za kwanza kuenea mbali na umeme hazikuwa na mota kabisa, zilikuwa na moto. Mwaka 1922 vijana wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji inayopooza kwa kuchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Kampuni ya Electrolux iliichukua mwaka 1925, na ikaenea duniani kote kulikokosa umeme. Wenye umri wataikumbuka ile friji ya mafuta ya taa ya zahanati au ya misheni: tangi chini, utambi, moto mdogo wa buluu, na nyuma bomba la moshi. Ilikuwa na tabia zake. Ikiwekwa mahali pasipo sawa haipoi, utambi ukichafuka inatoa masizi, na mafuta yakiisha Ijumaa chanjo zimeharibika Jumatatu. Lakini haikuwa na betri ya kufa wala kompresa ya kuungua, na ndiyo maana ilidumu vijijini miaka mingi hivyo.

Kisha wakaja wenye injini kubwa. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Pale porini pakaota mji kamili, wenye umeme wake, hospitali, shule na kiwanja cha ndege. Alipofariki mwaka 1958, mgodi ukawa wa serikali na De Beers nusu kwa nusu. Upande wa Geita, mgodi wa zamani wa dhahabu ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na migodi mikubwa ya sasa ikafuata: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Kote huko baridi ilikuwepo, ila ilikuwa ndani ya uzio. Nje ya uzio, Maganzo au Kakola, mtu aliuza soda iliyopozwa kwenye ndoo ya maji.

Sasa nenda ziwani, maana huko ndiko kwenye somo lenyewe. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara vilijengwa Mwanza, na samaki wakaanza kusafiri hadi Ulaya. Sangara alivuliwa mbali, visiwani, kwenye mialo isiyo na hata nguzo moja ya umeme, naye anaharibika ndani ya saa chache za jua. Walifanyaje? Hawakupeleka umeme visiwani wala kufunga friji kwenye mitumbwi. Waligandisha maji mjini, palipo na umeme mkubwa, wakaipakia barafu kwenye maboti ya kukusanya samaki yenye matumbo yaliyozuiwa joto, ikafika mwaloni bado barafu. Ukiniuliza mimi, huo ndio uvumbuzi mkubwa wa biashara ya baridi katika Kanda ya Ziwa, ingawa hakuna anayeuita hivyo.

Umeme wa gridi ulitufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, ukipandia Iringa, Dodoma na Singida hadi Shinyanga na Mwanza. Ulifuata njia kuu na miji, vijiji vikasubiri. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, aliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi 2007, na hatimaye mwanakijiji akaunganishiwa kwa shilingi 27,000. Katikati ya hapo tulionja mgawo: mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa, 2011 tena, na mwishoni mwa 2023 kabla mitambo ya bwawa la Nyerere kule Rufiji haijaanza kuzalisha mwaka 2024. Mgawo ndio uliotufundisha neno inveta. Kabla ya hapo betri ilikuwa ya gari na ya redio.

Kuna watu waliotangulia kujaribu hasa unachotaka kujaribu wewe, yaani kuendesha friji kwa betri mahali pasipo na gridi. Nao ni idara za afya. Tangu miaka ya 1980 zahanati nyingi za Afrika zilipewa friji za chanjo za sola zenye betri. Friji zilikuwa nzuri na paneli zilikuwa nzuri, ila betri zilikufa baada ya miaka michache, na fedha ya betri mpya haikuwa kwenye bajeti ya mtu. Friji nzima ikageuka kabati. Kilichokuja baadaye, na ambacho utakiona leo kwenye vituo vya afya, ni friji ya sola isiyo na betri kabisa. Paneli inaendesha kompresa moja kwa moja mchana, kompresa inagandisha barafu iliyojengwa ndani ya kuta za friji, na usiku barafu hiyo ndiyo inayolinda chanjo. Akiba imewekwa kwenye barafu badala ya betri. Wahandisi walizunguka miaka karibu thelathini wakafika pale pale alipokuwa mwenye boti la sangara.

Najua pia umeona video za Wamarekani wanaosafiri na magari yenye nyumba ndani, wakiendesha friji kubwa ya kawaida kwa inveta. Ni kweli wanafanya. Zamani magari yale yalikuwa na friji ya moto wa gesi, jamii moja na ile ya zahanati, na wengi wameihama. Lakini tazama vizuri chini ya kitanda chake: betri za lithiamu nne au zaidi, paneli paa zima, na usiku anaegesha palipo na soketi. Usinunue inveta kwa sababu ya video, piga hesabu yako.

Hesabu nitakupa kwa uniti, zile zile za LUKU. Friji ya nyumbani ya kama lita 150 ina kompresa ya karibu wati 100. Kwa joto letu, na mlango ukifunguliwa mara kwa mara, itafanya kazi karibu nusu ya muda, hivyo itakula karibu uniti moja kwa siku. Inveta nayo inakula hata friji ikiwa imepumzika. Wati 15 tu kwa saa 24 ni theluthi ya uniti iliyopotea bure. Betri ya Ah 100, ile wengi mnaiita N100, ina uniti 1.2 ikijaa, lakini betri ya maji na risasi hairuhusu kushushwa zaidi ya nusu kila siku bila kufa mapema. Toa na kinachopotea ndani ya inveta, unabaki na nusu uniti. Kwa siku moja isiyo na jua unahitaji betri tatu za namna hiyo kuendesha friji moja ya kawaida. Betri zako mbili zitaizungusha hadi usiku, kisha inveta italia. Ukifanya hivyo kila siku, miezi michache tu unanunua nyingine.

Halafu kuna kuwaka. Kompresa inapoanza, kwa sekunde moja inavuta mara tano hadi saba ya kawaida yake, kwa hiyo friji ya wati 100 inaweza kuiangusha inveta iliyoandikwa wati 500. Chukua ya wati 1,000 za kweli, yenye wimbi laini. Zile za bei ndogo zenye wimbi la ngazi huifanya kompresa ingurume na kupata moto. Na kwenye volti 12, wati 1,000 ni zaidi ya ampea 80, kwa hiyo waya wa betri uwe mnene na mfupi. Waya mwembamba ndio unaounguza magari.

Sasa linganisha na barafu. Kuyeyusha kilo 10 za barafu kunahitaji joto la zaidi ya uniti 0.9. Chupa kumi za plastiki za lita moja zilizogandishwa zinabeba akiba kubwa kuliko kile unachoweza kuchota kwenye N100 bila kuiua, na hazifi. Kreti moja ya soda iliyopigwa jua ikihitaji kuwa baridi kweli, inamaliza karibu kilo tatu za barafu. Ukijua unauza kreti tatu kwenye mnada, unajua unahitaji kilo tisa na ziada kidogo ya njiani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye gari ni huu. Kama nyumbani una umeme wa TANESCO, gandisha chupa usiku. Kompresa ndogo inachukua saa kumi hivi kugandisha kilo 10, kwa hiyo anza mapema jioni, na kwa bei ya kawaida ya sasa uniti moja haifiki shilingi 400. Chukua friza ya kufungua juu badala ya friji ya mlango wa mbele, maana baridi ni nzito, na ukifungua mlango wa mbele inamwagika miguuni kwako. Asubuhi panga chupa za barafu na soda zilizokwisha kupoa, funga. Inveta iwashe gari likitembea tu, ili umeme utoke kwenye injini, kisha ukifika mnadani izime. Usitumie betri ya kuwashia gari hata siku moja, weka ya pili yenye kitenganishi, la sivyo jioni utasukumwa. Na ukizima friza usiiwashe tena kabla ya dakika kumi, gesi ndani inahitaji kutulia. Nyumbani weka friji gadi, kwa sababu umeme ukirudi baada ya kukatika mara nyingi hurudi kwa kishindo.

Mwenye duka machimboni kusikofika nguzo, hesabu yako ni tofauti kidogo. Wewe jua unalo. Paneli ya wati 300 siku nzuri itakupa karibu uniti moja, basi tumia yote mchana kugandisha, na usiku zima inveta kabisa. Betri iwe ya kusaidia kompresa kuwaka na kuvuka wingu, isiwe ya kulala nayo. Kama mfuko unaruhusu, friza ya volti 12 au 24 yenye kompresa yake maalumu haihitaji inveta. Ni ghali kununua, lakini inawaka taratibu bila ule mvuto mkubwa.

Nimalizie na jambo la kazi yangu. Baadhi yenu mnaniomba niwahifadhishie chanjo za mifugo kwenye friza ya dukani. Chanjo nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8, na zipo ambazo zikiganda mara moja tu zimekufa hata kama chupa inaonekana nzima. Usizilaze juu ya barafu, na usiziweke kwenye friza inayofunguliwa kila mteja anapofika. Tumia kasha lake, lenye gazeti au kitambaa kati ya chupa na barafu. Chanjo ya kideri ya I-2 ndiyo yenye uvumilivu. Ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, hapa nchini inazalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, na inavumilia joto siku kadhaa ikiwa kivulini kwenye kitambaa chenye unyevu. Kuku wa tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, na kwa hiyo huhitaji inveta.